Daktari aliponiambia nitumie unga

Kwa nyie mliopo Bongo, kuanzia Kinondoni mpaka Mbagala, nawapa salamu kutoka Birmingham, Uingereza, ambako mtumishi wenu naendelea kubeba boksi na kukimbizana na mabasi. Leo sina stori za mapenzi wala za nani kaonekana na nani ukumbini. Leo nina kisa cha unga.

Tulia kwanza, usinirukie. Najua ukisikia neno hilo akili inakwenda wapi. Pale kijiweni ikisemwa fulani anatumia unga, maza wake anaanza kuficha redio na masufuria. Lakini wangu mimi niliandikiwa na daktari, kwenye barua yenye nembo ya kliniki, tena kwa sababu ya hali ya hewa ya dunia. Ndiyo, umesoma sawasawa. Hali ya hewa.

Nianze mwanzo ili twende pamoja. Mimi ni mtu wa pumu tangu utotoni. Nimekulia Magomeni, na usiku mwingi wa utoto wangu niliumaliza nimekaa kitandani nimekumbatia magoti, kifua kinapiga filimbi kama birika, maza kanishika mgongo ananiambia, "Vuta taratibu baba, vuta taratibu." Nilipotua huku mamtoni, kitu cha kwanza nilichokipenda si theluji wala maghorofa. Ni ile inhela ya bluu, dawa ya pumu ya kupuliza. Unaitikisa, unabonyeza, unavuta, maisha yanarudi. Nilikuwa natembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na simu.

Huku kila mtu amesajiliwa kwa daktari wa mtaani kwake. Wenyewe wanamwita GP. Usifikirie hospitali kubwa yenye geti na askari. Ni nyumba ya kawaida tu, ina mapokezi, viti vya kusubiria, manesi wawili na madaktari watatu wanne. Ugonjwa wowote ambao si wa kufa sasa hivi unaanzia hapo. Daktari huyo anajua presha ya mama yako, mguu wa baba yako na vidonda vya tumbo vya shemeji yako. Kwa hiyo neno lake mtaani lina uzito kuliko la mbunge.

Sasa basi, mwanzoni mwa mwaka 2024 nikaingia pale kuchukua karatasi ya dawa, nikakuta bango jipya ukutani, pembeni ya lile la chanjo ya mafua. Lilisema, kwa maneno mengi kidogo, kwamba kliniki hii inaamini mabadiliko ya tabianchi ni dharura ya afya. Kwamba itapunguza uchafu inaoutoa hewani, itawaambia wagonjwa ukweli na itawabana viongozi wachukue hatua. Chini madaktari wote wametia saini zao, za kweli, kwa wino.

Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa kakaa kando yangu akalisoma lote, akavua miwani, akaguna. "Nimesubiri wiki tatu kumwona daktari wa goti," akasema, "leo nakuta wenzetu wanatibu mawingu!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, siwafichi. Moyoni nikasema huyu babu kapiga palepale.

SI KLINIKI YETU PEKE YAKE

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuchokonoa, nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe jambo lenyewe ni kubwa na lina miaka. Mwaka 2019 chama cha madaktari cha Uingereza, BMA, kilitangaza kuwa dunia iko kwenye dharura ya tabianchi. Chuo cha madaktari wa mtaa, yaani hao GP, nacho kikatangaza hivyohivyo mwaka huohuo. Kabla ya hapo, mwaka 2017, madaktari wa mji wa Sheffield walishaanzisha kundi linaloitwa Greener Practice, la kusaidiana kuzifanya kliniki zao zisichafue hewa. Likasambaa mji hadi mji.

Halafu Oktoba 2020 lile shirika la afya la taifa, NHS, likawa la kwanza duniani kwa mfumo wa afya wa nchi nzima kuahidi kufuta uchafuzi wake. Kwa ule linaoutoa lenyewe moja kwa moja, mwisho ni mwaka 2040. Kwa ule unaotokana na watengeneza dawa, wauza vifaa na wengineo, mwisho ni 2045. Mwaka 2022 wakaliingiza kwenye sheria.

Utauliza, kliniki inachafuaje hewa, kwani ina bomba la moshi? Swali zuri, na mimi niliuliza. Jibu ni kwamba NHS peke yake inabeba karibu asilimia 4 ya uchafu wa hewa unaohesabiwa kwa England. Kuna majengo ya kupasha joto, magari ya wagonjwa, vyakula, nguo za kutupa. Lakini ukija kwenye kliniki ya mtaani, zaidi ya nusu ya uchafu wake haitokani na taa wala magari. Inatokana na dawa zinazoandikwa pale mezani kwa kalamu ya daktari. Na katika dawa hizo kuna moja inayochukua kama asilimia 3 ya uchafu wote wa NHS.

Hiyo dawa ni inhela ya kupuliza. Rafiki yangu wa mfukoni!

BARUA YA UNGA

Wiki chache baada ya lile bango, zikaja barua mbili nyumbani. Moja yangu, nyingine ya shangazi yangu ninayeishi naye. Shangazi ana miaka 71, na pumu yetu nadhani tuligawiwa na babu mmoja. Barua zilisema inhela zetu za kupuliza zitabadilishwa, tutapewa za unga, kwa kuwa zinasaidia kulinda mazingira. Ukitaka maelezo piga simu.

Shangazi akavaa miwani, akasoma mara mbili, akaniita. "We mtoto, hebu njoo. Hawa wanataka mimi na umri huu nianze unga?"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini kicheko chenyewe hakikudumu.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Inhela ya kupuliza ina gesi ndani, gesi ndiyo inayoisukuma dawa itoke. Wewe kazi yako ni kubonyeza na kuvuta polepole. Ile ya unga haina gesi kabisa. Dawa ni unga laini umekaa ndani, na nguvu ya kuutoa ni ya mapafu yako mwenyewe. Inabidi uvute kwa haraka na kwa nguvu, kama mtu anayevuta juisi ya ukwaju kwa mrija iliyoganda. Kijana mwenye afya anaweza. Watoto wadogo hawawezi, na wazee wengine pia inawashinda.

Shangazi yangu ilimshinda. Hakusema, maana watu wa umri wake hawapendi kumsumbua daktari. Siku ya nane, saa tisa usiku, nikasikia mlango wangu unakwaruzwa. Nikafungua, nikamkuta amekaa chini kwenye korido, midomo imebadilika rangi, ameshika ile inhela mpya, anavuta na hakuna kinachoingia. Hawezi hata kuliita jina langu.

Jamani, niliona dunia inazunguka. Nikapiga simu ya dharura, na wakati nasubiri nikachukua inhela yangu ya zamani ya bluu iliyokuwa droo ya chini, nikaifunga kwenye ile chupa ya plastiki ya kuvutia, nikambonyezea. Moja. Mbili. Tatu. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameanza kupata pumzi. Wakamvisha kinyago cha mvuke wa dawa, wakakaa naye mpaka alfajiri.

Asubuhi yake nikatia timu kliniki nikiwa nimevimba. Nilikuwa na maneno yangu yote nimeyapanga. Nilitaka kumuuliza daktari hivi, bibi kizee wa watu afe ili barafu ya kaskazini isiyeyuke? Nani kawatuma?

KUMBE MGONJWA NILIKUWA MIMI

Daktari aliyenipokea ni mama wa makamo, mtaratibu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema maneno ambayo sikuyategemea. "Tumekosea. Barua haipimi kifua. Tulitakiwa kumwita, kumpima na kumuuliza kwanza. Naomba msamaha, na nitamwomba yeye mwenyewe."

Siku hiyohiyo akamwita shangazi. Akampa kidude cha plastiki cha kupimia nguvu ya kuvuta pumzi, mshale haukufika hata nusu. Akamrudishia inhela ya kupuliza pamoja na ile chupa, ila akachagua chapa yenye gesi kidogo kuliko ya mwanzo. Kumbe hata za kupuliza hazilingani! Akamfundisha upya namna ya kuvuta. Shangazi akamwambia, "Asante mwanangu," wakayamaliza.

Mimi nikadhani kikao kimekwisha, nikainuka. "Wewe kaa," daktari akaniambia. Akageuza kompyuta. "Mwaka uliopita umechukua inhela za bluu ngapi?"

Nikasema sijui, labda sita.

"Kumi na mbili. Na ile ya kahawia?"

Nikanyamaza. Ya kahawia ndiyo ile ya kuvuta kila siku asubuhi na jioni hata kama huumwi. Nilichukua mbili tu mwaka mzima, na moja ilikuwa bado haijafunguliwa.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo nataka kila mwenye pumu anayesoma gazeti hili alikate alibandike ukutani. Inhela ya bluu inatanua njia za hewa kwa saa chache tu. Haitibu uvimbe uliomo ndani. Kinachotibu uvimbe ni ile ya kahawia, lakini kwa kuwa haikupi nafuu papo kwa papo, wengi tunaiona kama haina maana. Matokeo yake uvimbe unakua kimyakimya, bluu inaongezwa, mpaka siku moja bluu inagoma. Mgonjwa anayemaliza za bluu tatu au zaidi kwa mwaka tayari ana hatari kubwa ya kushambuliwa vibaya. Anayefika 12 yuko kwenye kundi ambalo hatari ya kufa na pumu imeongezeka.

Mimi nilikuwa nimefika 12, na najiona mzima, natanua mtaani!

Nikamuuliza daktari, mbona miaka yote hii hamkuniambia? Jibu lake limenikaa kichwani mpaka leo. Alisema walipoamua kupunguza gesi ya inhela, waliiambia kompyuta itoe orodha ya wagonjwa wanaotumia nyingi kuliko wote. Jina langu lilikuwa la tano. Walikuwa wanatafuta gesi, wakakuta watu ambao pumu yao imewashinda na hakuna aliyejua.

Yaani lile bango nililolicheka ndilo lililofanya mtu ahesabu inhela zangu.

GESI, KIGALI NA HESABU YA AIBU

Kuhusu hiyo gesi, kisa chake kinachekesha na kinauma. Zamani inhela zilitumia gesi za CFC, zilezile za mafriji ya zamani. Zikagundulika zinatoboa tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Mataifa yakakutana Montreal, Kanada, mwaka 1987, yakakubaliana kuziondoa. Watengeneza inhela wakahamia gesi nyingine, HFC. Hizi haziitoboi ozoni, ila zinashika joto la dunia kuliko hewa ya ukaa zaidi ya mara elfu moja, na nyingine zaidi ya mara elfu tatu. Umekimbia mvua ukaingia mtoni.

Basi Oktoba 2016 mataifa yakakutana tena, safari hii hapo jirani zetu Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza na hizo. Kwa hiyo ukisikia mgonjwa wa Birmingham anabadilishiwa inhela, ujue mkondo mmoja wa maamuzi hayo umepita Kigali. Na watengeneza dawa hawajalala. Mwaka 2025 Uingereza iliidhinisha inhela ya kupuliza yenye gesi mpya isiyopasha dunia kama zile, kwa wagonjwa wa mapafu wa aina fulani.

Sasa hesabu. Inhela moja ya bluu ya chapa ile niliyokuwa natumia ina joto la kiasi cha kilo 28 za hewa ya ukaa. Ya unga haifiki hata kilo moja. Zidisha 28 mara 12, unapata kilo 336. Nilipopata jibu hilo nikatafuta Mtanzania wa kawaida anatoa kiasi gani kwa mwaka mzima kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, daladala zake, umeme wake, vyote pamoja. Ni kama robo tani hivi. Kilo 250 na ushee.

Yaani inhela zangu za mfukoni, ambazo nusu yake nisingezihitaji kama ningetumia dawa vizuri, zilikuwa zinapasha dunia kuliko mtu mzima wa Magomeni na mwaka wake wote. Na Mwingereza wa kawaida anatoa zaidi ya tani nne. Nilikaa kimya kidogo pale kitini.

DAKTARI NA SIASA WAPI NA WAPI?

Najua kuna msomaji anasema, sawa, inhela nimekuelewa, lakini daktari na maandamano wapi na wapi? Si atibu tu? Swali hilo huku linagawanya watu kweli. Yule babu wa goti si peke yake.

Wanaotetea mabango wanakupa visa viwili. Cha kwanza ni cha mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah wa Lewisham, kusini mwa London, aliyekuwa akiishi karibu na barabara kubwa yenye magari mengi. Alikuwa na pumu kali, akalazwa karibu mara 30 ndani ya miaka mitatu, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Mama yake hakukubali yaishe hivihivi. Alipambana mpaka Desemba 2020, afisa wa kuchunguza vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kumuua mtoto yule. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza hewa chafu kuandikwa kuwa sababu ya kifo cha mtu. Sasa, daktari anayempa mtoto huyo dawa kisha anamrudisha palepale kwenye moshi bila kusema neno, katibu nini? Na moshi huo wa magari ndiyo mafuta yaleyale yanayopasha dunia.

Cha pili ni joto. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima. Ilifika 40.3 pale Coningsby. Wewe wa Dar unacheka, lakini nyumba nyingi za huku zimejengwa kushika joto. Kiangazi kile wazee zaidi ya 2,800 wa miaka 65 na kuendelea wanakadiriwa kufa England kutokana na vipindi vya joto. Mimi siku hiyo nilikuwa ghalani napanga maboksi, hewa imesimama kama ukuta. Nikaishia kukaa sakafuni, inhela mkononi, meneja ananipepea na karatasi ya mzigo. Daktari wa mtaa ndiye aliyepokea foleni yetu kesho yake. Asiposema yeye, aseme nani?

Lakini kusema kuna bei. Katika mji wetu huuhuu wa Birmingham kulikuwa na GP anaitwa Dk. Sarah Benn. Yeye hakuishia kwenye bango. Mwaka 2022 alikwenda kukaa mbele ya ghala la mafuta la Kingsbury pamoja na waandamanaji wa Just Stop Oil, akavunja amri ya mahakama, akafungwa siku kadhaa jela. Aprili 2024 baraza la nidhamu ya madaktari likamsimamisha udaktari kwa miezi mitano. Hakuwa ameua mgonjwa wala kuiba dawa. Wapo waliosema anastahili, kwa sababu daktari anayevunja sheria anawavunja imani wagonjwa. Wapo waliosema ni aibu kumwadhibu anayepiga kelele nyumba inapoungua.

Mimi msimamo wangu? Nauambia bila kuzunguka. Daktari ana haki ya kusema, na nadhani ana wajibu. Lakini nguvu ya neno lake inatoka kwa mgonjwa aliye mbele yake, haitoki kwenye bango. Siku walipotutumia barua bila kutupima, bango lile lilikuwa karatasi tu, na kidogo limuue shangazi yangu. Siku daktari alipoomba radhi, akampima, akahesabu inhela zangu, ndipo nilipoliamini. Kliniki inayotaka kuokoa dunia ianze kwa kusikiliza kifua cha mtu mmoja. Ikifanya hivyo, dunia nayo itapona kidogo, maana aliye mzima hahitaji bluu 12.

NA SISI WA BONGO?

Aprili hiyohiyo ya 2024 nilikuwa nafungua simu kila asubuhi naona Jangwani imekuwa bahari. Waziri Mkuu wa wakati huo aliliambia Bunge kuwa mvua na mafuriko yalikuwa yameua watu 155 na kugusa zaidi ya watu 200,000. Nilikuwa napiga simu Magomeni kuuliza nani kahama na godoro la nani limeondoka na maji. Watu wa robo tani wanalipa deni la watu wa tani nne. Nikaenda tena kusimama mbele ya lile bango, safari hii sikucheka.

Si kwamba nawaambia madaktari wa Bongo wabandike mabango. Wao wana foleni zao na wanajua shida zao. Ila najua jambo moja la nyumbani linalofanana kabisa na inhela zangu, nalo ni mkaa. Moshi wake unamaliza vifua vya mama na watoto jikoni, na kuni zake zinamaliza misitu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Siku daktari atakapomuuliza mama mwenye kikohozi, "Unapikia nini nyumbani?", atakuwa anatibu mapafu na msitu kwa swali moja.

Na wewe mshikaji mwenye pumu, tusielewane vibaya. Usiitupe inhela yako ya kupuliza kwa sababu umesoma makala yangu. Pumu inaua, na kama unayo moja tu ishike kama roho yako. Kinachotakiwa ni kuhesabu. Kama bluu inaisha kila mwezi au kila baada ya miezi miwili, nenda kamwone daktari, muulize habari ya dawa ya kuzuia. Huku mwongozo mpya uliotoka Novemba 2024 umeshasema mgonjwa wa umri wowote asitibiwe pumu kwa bluu peke yake.

Mimi sasa natumia unga. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, navuta kwa nguvu kama nilivyofundishwa. Ya bluu ipo droo ya chini, ya dharura tu, na ile iliyokwisha niliirudisha duka la dawa wakaichome inavyotakiwa badala ya kuitupa jalalani ikavujisha gesi. Tangu hapo sijakaa kitandani usiku nimekumbatia magoti.

Juzi nilimsindikiza shangazi kliniki. Bango bado lipo, limepauka kidogo na jua. Akasimama akalisoma taratibu mpaka kwenye saini, halafu akanigeukia.

"Hawa watoto wana maneno mazuri," akasema. "Ila waambie wanipe kwanza pumzi zangu. Nikishapata pumzi, hata hayo mawingu nitawasaidia."

Haya, wasomaji wangu, vuteni pumzi vizuri. Tukutane wiki ijayo.